Neno Ghafla

Miongoni mwa maneno ambayo watu huyatumia kujitoa katika lawama, hapana lililo na msaada mkubwa kama neno ghafla. Daraja likianguka husemwa kuwa limeanguka ghafla. Mfanyabiashara akifilisika husemwa kuwa mambo yamemgeukia ghafla. Urafiki wa miaka ishirini ukikatika, kila mmoja wa marafiki wawili hueleza kuwa mwenzake alibadilika ghafla, na wote wawili husadikiwa. Neno lenyewe ni fupi na sura yake ni ya unyofu, lakini ndani yake limebeba ushahidi mzima: kwamba kabla ya saa ya msiba mambo yote yalikuwa sawa, kwamba hapana aliyejua, na kwamba kwa hiyo hapana adaiwaye. Ushahidi mkubwa namna hii haustahili kupokewa kabla ya kupimwa. Na katika kuupima, kitu kidogo chafaa kuliko kikubwa, maana kitu kikubwa kikianguka huzuka mara moja kamati, wanasheria na magazeti, na ukweli hupotea katika vumbi lao. Kitu kilichochaguliwa hapa ni kile ambacho kompyuta ya mezani huwekwa juu yake.

Kitu hicho hakina hata jina la kukubaliana. Kompyuta yenyewe imetunzwa majina kwa ukarimu: wengi huiita kompyuta, wengine walipendekeza tarakilishi, wengine ngamizi, na wino mwingi umemwagika katika kuyatetea majina hayo. Kinachoichukua huitwa meza na huyu, stendi na yule, na wa tatu hukionyesha kwa kidole. Hapa kitaitwa kiegemeo, kwa kukosa neno lililo bora. Upungufu huu wa lugha si wa bahati tu. Watu hukipa jina kile wakitazamacho, na kitu kibebacho hakitazamwi. Msomaji ajaribu kuikumbuka miguu ya meza aliyoiandikia kwa mwaka mzima: ni miguu minne, au ni mbao mbili za ubavuni? Ina rangi gani karibu na sakafu? Huenda akaweza kueleza kwa usahihi zaidi uso wa mtu aliyekutana naye mara moja katika basi.

Na ichukuliwe, kwa mfano, stesheneri moja katika mji wa Musoma, duka la namna ile inayopatikana karibu na ofisi za serikali na karibu na shule katika miji yote ya Tanzania. Duka ni chumba kimoja. Humo huchapwa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, mikataba ya viwanja na kadi za michango ya harusi. Achapaye ni msichana aliyemaliza kidato cha nne. Mwenye duka ni mama ambaye ana shughuli nyingine sokoni na hupita jioni kuchukua hesabu. Asubuhi moja, mteja akiwa amesimama kusubiri barua yake, msichana anakivuta kile kibao cha chini chenye kibodi, kama alivyokivuta mara elfu, na ubavu wa kushoto wa kiegemeo unaachia. Skrini, sanduku la kompyuta na printa vyote vinakwenda sakafuni. Mama anapigiwa simu, anafika akitweta, na neno lake la kwanza si "Kumetokea nini?" Neno lake la kwanza ni "Umefanya nini?" Mwisho wa mwezi bei ya skrini inaanza kukatwa katika mshahara, na kwa kuwa mshahara wenyewe haufikii bei ya skrini, unakatwa miezi minne.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini yeyote aliyepata kufanya kazi chini ya mtu mwingine hatakiona kigeni. Mama huyu si mtu mbaya. Anaijua hasara yake, anamjua mtu aliyekuwa karibu na hasara hiyo, na anaviunganisha viwili kwa njia iliyo fupi. Hukumu nyingi za ulimwengu hufuata njia hiyo hiyo. Mkono wa mwisho kugusa ndio mkono uliovunja.

Basi kiegemeo kigeuzwe juu chini. Kimetengenezwa kwa mbao zisizo mbao, yaani unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ukavikwa ngozi nyembamba yenye mistari ya kuiga mninga. Ubao wa namna hii ukiwa mkavu hubeba vizuri, na bei yake ni nafuu, wala hapana haja ya kuudharau. Adui yake ni maji. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria. Upepo wa ziwa huingia madirishani, masika na vuli huleta unyevu wao, na sakafu hupigwa deki kila asubuhi. Maji hupanda kwa chini, kupitia ukingo ambao kiwanda hakikuuvika ngozi. Unga huyanywa na kuvimba, nao ukiisha kuvimba haurudi tena katika hali yake ya kwanza. Skrubu iliyokuwa imeshikwa na kitu kilichokaza sasa imeshikwa na kitu mfano wa mkate. Kila mara kibao cha kibodi kivutwapo, skrubu hupanua tundu lake kwa kadiri isiyoonekana kwa macho. Tena juu yake uko uzito. Skrini za zamani za kioo kinene, ambazo ofisi nyingi zilikuwa nazo kabla ya hizi bapa, zilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 20. Viegemeo vingi vilizibeba hizo katika ujana wao, na hizi nyepesi wamezipokea wakiwa wazee. Katika siku zote hizo haiwezekani kutaja siku moja na kuiita siku ya kuvunjika. Au zote ni siku ya kuvunjika, na ile asubuhi ya mteja na barua ilikuwa siku ya kuonekana tu.

Hata hapa bado mtu anaweza kulitetea neno ghafla. Atasema kuwa, ikiwa uharibifu ulikuwa wa siri na wa polepole, basi kwa wanadamu wenye macho ya kawaida ulikuwa ghafla, na hapana mwenye kosa. Utetezi huu ungekuwa na nguvu kama fundi asingekuta vitu viwili. Kile cha kwanza ni njiti za kiberiti zilizosokomezwa ndani ya tundu la skrubu. Cha pili ni kipande cha boksi, kimekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya ubavu wa kushoto. Mafundi wa samani wanazifahamu alama hizi mbili kama daktari anavyofahamu kovu la chanjo. Njiti za kiberiti ni maandishi. Zinasema kuwa skrubu hii ilipata kulegea zamani, mtu aliona, alijaza tundu ili skrubu ipate kitu cha kuuma, kisha alinyamaza. Boksi nalo linasema kuwa kiegemeo hiki kilikuwa kikiyumba, na kwamba yuko mtu aliyechoshwa na kuyumba kwake.

Kuyumba ndiyo sauti pekee ambayo kiegemeo kimejaliwa kuwa nayo. Hakiwezi kulalamika, hakiwezi kugoma, hakiwezi kuandika barua. Kinaweza kuyumba, na kinaweza kulia kidogo kikivutwa. Mtu aliyeweka boksi hakukiponya, alikikata ulimi. Tangu siku ile kiegemeo kilitulia, na utulivu ukachukuliwa kuwa ni afya. Hapo ndipo ghafla ilipotengenezwa, nayo ilitengenezwa kwa mkono, kwa njiti na boksi. Ghafla haikuwemo ndani ya ubao. Ubao ulikwenda kwa mwendo wake wa polepole toka mwanzo mpaka mwisho, na ulikuwa ukitoa habari njiani.

Wanafunzi wote wa Kiswahili hufundishwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haikosei, ila husomwa upesi mno. Kuziba ni namna mbili. Iko ziba ya mtu anayechimba ufa mpaka amwone adui, yaani maji, mchwa au msingi uliotitia, kisha akaunganisha upya kile kilichoachana. Na iko ziba ya lipu: ufa unapakwa, ukuta unapakwa chokaa, wageni wanakaribishwa. Ziba hii ya pili ni mbaya kuliko kutoziba kabisa, kwa sababu ufa ulio wazi humwonya hata mpita njia, na ufa uliopakwa lipu hauonyi mtu hata mwenye nyumba. Mtu wa lipu husema, tena kwa dhamiri safi, kuwa yeye aliufuata wosia wa wahenga.

Hatari ya ziba ya pili haikai katika maduka madogo peke yake. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ya Uingereza ya aina ya Comet, ndege ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa biashara, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu 35 wakafa. Ndege za aina hiyo zilisimamishwa. Marekebisho mengi yakafanywa juu ya kila sehemu iliyoshukiwa, ingawa sababu yenyewe ilikuwa haijajulikana, na tarehe 23 Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples na watu 21. Ndipo wataalamu wa Farnborough walipoitia ndege nzima katika tangi la maji, wakaijaza presha na kuitoa tena na tena kana kwamba inapaa na kutua, mpaka baada ya mizunguko zaidi ya 3,000 bati la ubavu likapasuka kutoka katika pembe ya tundu. Chuma kilikuwa kimechoka. Yale marekebisho ya kati ya Januari na Machi yalifanywa na watu hodari na waaminifu, na hata hivyo kazi yao ilikuwa ni njiti za kiberiti.

Karibu zaidi na nyumbani, mtu akitoka Musoma kwa barabara kuu ya Mwanza hufika Bunda, na hapo hupata njia ya kuelekea Kisorya, ambako watu huvuka kwenda Ukerewe. Kutoka Ukerewe wako wanaovuka tena kwenda kisiwa cha Ukara. Katika mvuko huo wa pili, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kivuko kile kilitengenezewa watu 101. Ilielezwa wakati ule kuwa abiria walisogea upande mmoja kivuko kilipokaribia kutua. Labda ndivyo ilivyokuwa; abiria wote wa dunia husogea upande wa kushukia. Lakini angalia jinsi maelezo hayo yanavyofanana na kibao cha kibodi. Mama aliyebeba kikapu chake cha gulio akipiga hatua mbili kuelekea nchi kavu ndiye mkono wa mwisho. Uzito uliozidi kipimo haukuanza kuwa uzito wakati wa hatua zile mbili. Ulihesabika gatini, kabla kamba haijafunguliwa, na ungeweza kuhesabiwa na mtoto wa darasa la tatu.

Swali hili la mkono wa mwisho ni la kale katika Afrika, na pengine halikupata kuulizwa vizuri zaidi kuliko lilivyoulizwa na Wazande, ambao wanaishi katika Sudani Kusini, kaskazini mashariki ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka wa 1937, ameeleza habari za ghala za nafaka zilizojengwa juu ya nguzo. Watu hukaa chini yake wakati wa jua kali. Mara nyingine ghala huanguka na kuwaumiza walio chini. Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa hula nguzo. Hapana haja ya mgeni kuwafundisha. Kile watakacho kujua ni jambo jingine: kwa nini ghala hii ianguke saa hii, walipokuwa wamekaa watu hawa? Mchwa ni jibu la swali la nguzo, si jibu la swali la saa na la mtu. Hapo ndipo wao hutaja uchawi.

Ni rahisi kwa msomi kucheka na kupita. Lakini swali la Wazande ni zuri. Kilicho kibaya ni jibu. Mama wa stesheneri naye analo swali hilo hilo: mbona hakikuvunjika juzi, mbona kimevunjika mkononi mwa huyu? Hataji uchawi, anataja uzembe, na uzembe huo haukuonwa na mtu, kama uchawi usivyoonwa. Katika nchi za ziwa upande wa kusini, hasa Usukuma, watu wamewaua vikongwe kwa sababu mtoto aliugua au ng'ombe alikufa na macho ya bibi yalikuwa mekundu, mekundu ya moshi wa jikoni. Toka mshahara uliokatwa mpaka kikongwe aliyeuawa ni mbali sana, na si haki kuvisawazisha. Mwanzo wao lakini ni mmoja: jambo limetokea ghafla, na moyo wa mwanadamu hauwezi kulala mpaka umepata mkono wa kuushika. Ukikosa ulio na kosa huushika ulio karibu.

Nani basi adaiwe? Mtu akisema hapana wa kudaiwa, kwa kuwa mbao huchakaa na chuma huchoka, amesema kweli juu ya mbao na chuma na hakusema lolote juu ya watu. Akisema wote wanadaiwa, seremala, mwenye kiwanda, upepo wa ziwa na mpiga deki, amegawa deni katika mafungu madogo hata kila mmoja aweze kulisahau. Deni la kwanza ni la mtu apataye faida ya mzigo. Kila siku kiegemeo kilipobeba, mama alipata. Kwa hiyo kuinama mara moja kwa mwezi na kutazama chini ya kitu kinachompa riziki ni sehemu ya bei ya riziki hiyo. Msichana alipata mshahara tu, na mshahara ni malipo ya kuchapa. Kama mama alitaka awe mkaguzi pia, ilimpasa amwambie, na ilimpasa amlipe.

Deni la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo ni la mtu wa njiti na boksi. Hapa hukumu yaweza kugeuka, maana si vigumu kufikiri kuwa mtu huyo ni msichana mwenyewe. Yeye ndiye aliyekaa na kuyumba kule kila siku. Njiti za kiberiti zilikuwa karibu, boksi la karatasi lilikuwa karibu. Ikiwa ndiye, je, mshahara umekatwa kwa haki?

Wengi watajibu upesi kuwa ndiyo. Wangoje kidogo. Kwa nini mtu aonaye hatari ainyamazishe badala ya kuitangaza? Uvivu ni jibu moja. Lakini kujaza tundu kwa njiti ni kazi. Mvivu angeliacha tundu lilivyo. Msichana aliyejaza njiti alitumia akili na mikono yake kukifanya kiegemeo kisimame, na kitu alichokikwepa hakikuwa kazi, kilikuwa ni mazungumzo. Alijua kuwa siku atakayosema "Mama, meza imelegea," atajibiwa "Umefanya nini?" Katika duka ambalo mwenye kuleta habari ya ufa huonwa kuwa ndiye mpasuaji, nyufa zote zitapakwa lipu, na lipu itapakwa na watu walio waaminifu. Mama alidhani kuwa ukali wake unailinda mali yake. Ukali ule ulikuwa umemtoa masikio. Alikuwa akilipa kwa miaka ili asiambiwe, na skrini iliyopasuka ilikuwa risiti.

Yaliyo kweli kwa duka yamepata kuwa kweli kwa nchi. Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Mwaka wa 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizotegemea mtambo kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Mtambo ulioonekana mwisho karibu na hasara ndio uliolaumiwa. Kilichokuwa chini ya mtambo, yaani uchache wa Watanzania waliofundishwa kuutumia na wingi wa wageni waliotegemewa, hakingeweza kupigwa marufuku, kilihitaji shule. Katika mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa lile Azimio lililoitwa kwa jina la mji. Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na likataka elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia Novemba 1977, badala ya mwaka wa 1989 uliokuwa umefikiriwa kwanza. Kwa hiyo, katika mwaka mmoja, mkono mmoja wa nchi uliiondoa kompyuta juu ya meza, na mkono wa pili ukainama kuitazama miguu.

Ulikuwa uamuzi wa heshima, na mamilioni ya watu wasomao leo wanatokana nao. Hata hivyo mzigo wa watoto uliongezwa kwa haraka juu ya walimu wachache, na ili kuwapata walimu, vijana waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa upesi vijijini na kupelekwa madarasani. Walibeba. Darasa la watoto mia moja, chaki vipande viwili, mti badala ya paa. Na darasa lilipoyumba, watani hawakuuliza habari za uzito. Wakazigeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Nchi nzima ilicheka, na waliochekwa ni mikono ya mwisho. Kizazi kingine baadaye, shule za sekondari za kata zilipoenea, walimu waliofundishwa kwa majuma machache walipewa nao jina la kejeli. Kejeli ni lipu ya namna yake: ilimradi watu wanamcheka mwalimu, hapana ahesabuye watoto.

Yuko atakayesema kuwa mambo haya yakifuatwa mpaka mwisho yataharibu maisha. Mtu hawezi kuinama chini ya kila meza. Kiti kinachokaguliwa kila saa si kiti, ni mgonjwa. Kuamini maana yake ni kuacha kutazama, na bila ya kuacha kutazama hapana barua itakayochapwa, hapana kivuko kitakachopandwa, wala hapana ndoa itakayodumu. Hoja hii ni nzuri, na ni kweli kuwa kiegemeo chema hustahili kusahauliwa. Kusahauliwa ndiyo sifa yake. Ila iko tofauti kati ya kutokitazama kitu kilichonyamaza na kukinyamazisha kitu kilichosema. La kwanza ni imani, nalo halina lawama hata likiishia sakafuni. La pili hutumia jina la imani na si imani, kwa sababu anayeamini hana haja ya boksi lililokunjwa mara nne.

Mafundi wa kale wa nchi hizi hawakuacha jambo hili mikononi mwa tabia njema za watu. Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka wa 1922 na alikozikwa mwaka wa 1999, iko safari fupi kutoka Musoma, katika nchi ya mawe makubwa yaliyobebana tangu kabla ya kuwapo mwanadamu. Huko, kama katika nchi nyingi za ziwa, wazee walikalia kigoda kilichochongwa katika gogo moja. Vyuo navyo vimelipenda neno hilo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka wa 2008 wadhifa wa uprofesa kwa jina la Mwalimu, kiliuita kigoda. Kigoda cha gogo moja hakina skrubu wala gundi, na kikiwa cha miguu mitatu hakiyumbi hata juu ya sakafu ya udongo, maana miguu mitatu haikosi kuikuta ardhi yote kwa pamoja, jambo ambalo miguu minne haiwezi kuahidi. Boksi halina mahali pa kuwekwa. Na kigoda kikianza kupasuka, aghalabu hupasuka kwa juu, kwa kuufuata mshipa wa mti, pale pale panapokaliwa. Mtu mwingine yeyote nyumbani aweza asijue. Mzee akikaa, ufa hufunguka kidogo kwa uzito wake. Akijinyanyua, hujifunga na kumfinya. Hamwiti mjukuu kumuuliza amefanya nini. Husimama, hukigeuza kuelekea mwanga, hupitisha kidole gumba juu ya ufa, kisha humtuma mtu akamwite mchongaji.